Uimarishaji: Istilahi Katika Zipu ya Jaketi

Asubuhi za Naro Moru zina baridi ya kuuma masikio. Upepo wa Mlima Kenya hufika barabara ya Nyeri–Nanyuki kabla jua halijapata nguvu, na mtoto haendi shule bila jaketi. Sasa tumfikirie mtoto mwenye usonji ambaye hajui kufunga zipu. Mama yake anazishikanisha ncha za chini, anavuta mpaka kifuani, kisha anaacha nafasi ya vidole vinne. Anamwekea mkono kwenye kishikio, na mtoto anavuta hadi shingoni. “Umefunga mwenyewe, baba!” Wiki ijayo ataacha nafasi kubwa zaidi, na baadaye kubwa zaidi, hadi siku mtoto atakapoanzia chini peke yake.

Katika uchanganuzi tumizi wa tabia, taaluma iliyoanza kuwa na jarida lake Marekani mwaka 1968, mbinu hiyo tunaweza kuiita mnyororo wa kurudi nyuma: hatua ya mwisho hufundishwa kwanza, ili kila jaribio liishie kwenye mafanikio. Mkono wa mama ni kidokezo. Kuuondoa kidogo kidogo ni kufifisha. Maneno hayo hayasumbui. Linalosumbua ni jina la kile kinachomfanya mtoto avute tena kesho.

Wengi husema zawadi. Lakini zawadi hupewa mtu, na hubaki zawadi hata asipobadilika. Uimarishaji (reinforcement) huhusu tabia. Mwanasaikolojia B. F. Skinner, aliyeieleza dhana hii katika kitabu chake cha mwaka 1938, aliitambua kwa matokeo: tendo likiongezeka kwa sababu ya kilicholifuata, limeimarishwa. Ukimpa mtoto peremende kila anapovuta zipu, na wiki ikaisha bila yeye kuvuta zaidi, umetoa zawadi tu. Huenda kiimarishi chake ni mlio wa zipu yenyewe, au ruhusa ya kukimbilia langoni kutazama matatu zikipita. Ndiyo maana nalipenda neno uimarishaji. Fundi akitia nondo ndani ya zege anaimarisha nguzo, na uimara wake utajulikana mzigo utakapoikalia.

Tatizo huanza tunapofika kwenye uimarishaji hasi, tafsiri ya negative reinforcement. Kwa hesabu, tafsiri hiyo ni sawa: hasi ni kutoa. Lakini katika mazungumzo ya kila siku hasi ni kibaya, na msomaji huona kiboko. Turudi kwenye jaketi. Mtoto akifunga zipu, baridi inakoma kumchoma kifuani. Kero imeondoka, na kesho ataifunga upesi zaidi. Huo ndio uimarishaji hasi, na hakuna aliyepigwa. Adhabu hupunguza tabia. Uimarishaji, uwe wa namna yoyote, huiongeza. Na huiongeza hata tusipotaka: mtoto akipiga kelele kila aonapo daftari, na mwalimu akaliondoa, kilichoimarishwa ni kelele.

Kwa hiyo napendekeza tuseme uimarishaji wa kuongeza na uimarishaji wa kuondoa. Sifa za mama zimeongezwa, baridi imeondolewa, na zipu imefungwa kwa sababu ya yote mawili. Mzazi ataelewa bila kufafanuliwa.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu taaluma hii ina historia ya maumivu. Miaka ya 1960 huko Los Angeles, mwanasaikolojia Ivar Lovaas aliwapiga makofi watoto wenye usonji, na hata kuwatia umeme. Kenya nayo ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, lakini marufuku pekee haikung’oa mazoea. Mzazi akisoma “hasi” na kudhani mtaalamu amemruhusu kumchapa mwanawe, kosa litakuwa la sisi tuliotafsiri, na atakayelia ni mtoto ambaye pengine hana maneno ya kusema anaumia wapi.

Istilahi njema imsaidie yule mama mlangoni, kishikio cha zipu kikiwa mkononi mwa mwanawe. Anachohitaji kuuliza ni kimoja: leo amevuta zaidi kuliko jana?