Askari wa Kaisari Kando ya Ruvuma

Hadithi za askari wa Kirumi waliolinda mipaka ya dola yao huwavutia sana vijana, nami zilinivutia tangu nikiwa mwanachuo wa ualimu. Mojawapo ni The Eagle of the Ninth, aliyoitunga Mwingereza Rosemary Sutcliff mwaka 1954. Ndani yake ofisa kijana wa Kirumi, Marcus, anauvuka ukuta wa Hadrian kwenda kaskazini mwa Britania kuitafuta sanamu ya tai, nembo ya kikosi cha baba yake kilichopotea. Mwenzake safarini ni Esca, mtumwa aliyemwacha huru. Wanahistoria mpaka leo wanabishana juu ya mwisho wa kikosi kile. Penye ukimya wa historia, mtunzi aliingia na kalamu yake.

Nilipofundisha historia Masasi na Newala, niliwaonya wanafunzi wasidhani mambo hayo ni ya mbali. Jina Kaisari tulisomalo katika Injili ndilo Wajerumani walilomwitia mfalme wao, Kaiser. Nao askari wa Kaisari huyo walilinda mpaka hapa petu, mto Ruvuma. Warumi waliwatoa wapiga upinde Shamu wakawapeleka kulinda Britania. Wajerumani nao walianza jeshi lao mwaka 1889 kwa Wasudani na watu kutoka Msumbiji, kisha wakaandikisha Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Mpaka hulindwa na wageni, lakini gharama yake hulipwa na wenyeji.

Mwezi Aprili 1916 Wareno waliitwaa Kionga, na Oktoba wakapanda uwanda wa Makonde wakaiteka Newala. Msomaji anayeijua Newala anajua shida yake: mji uko juu, maji yako chini. Mama zetu waliteremka makorongoni na mitungi alfajiri. Wajerumani, wakiongozwa na Max Looff, aliyekuwa nahodha wa manowari Königsberg iliyoangamia Rufiji mwaka 1915, hawakuhitaji kuivunja ngome. Novemba 1916 waliwanyang'anya Wareno mahali pa kuteka maji. Kiu ikashinda. Wareno wakaondoka usiku kurudi ng'ambo ya Ruvuma, wakaacha nyuma silaha na vyakula. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, palipiganwa vita vikali vya siku nne Mahiwa. Na tarehe 25 Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Visa hivi havipungukiwi na ushujaa wala hila. Na kweli viliandikwa: mwaka 1920 Lettow-Vorbeck aliwatolea vijana wa Kijerumani kitabu kiitwacho Heia Safari! Tazama, hata neno la jalada ni letu. Lakini shujaa ni msimuliaji mwenyewe; askari mweusi ni mtumishi mwaminifu, kama Esca nyuma ya Marcus. Na nyuma ya askari yuko mtu ambaye hata Esca anamzidi kwa kusikika: mpagazi. Bila yeye hapakuwa na risasi wala unga. Majeshi ya pande zote yaliwachukua wanaume mashambani na nafaka ghalani. Njaa ikafuata, na mwaka 1918 homa ya mafua ikamalizia. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, amewarudishia askari hao nafsi zao katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020. Ameiandika kwa Kiingereza, na tumshukuru. Hata hivyo, mimi natamani kijana wa kwetu aitunge yake kwa Kiswahili, akiwa amesimama upande huu wa mto. Waliobeba mizigo ile wamekwisha kufa. Waliosikia habari zao vinywani mwa babu na bibi ndio sisi wazee wa leo, nasi hatutakaa sana.

Atakayekuja kutuuliza aje na daftari, asisubiri msimu wa korosho upite. Na kama anataka ushauri wa mwalimu mkongwe, kitabu chake asikianzishe na jenerali. Akianzishe na mwanamke wa Newala, Novemba 1916, anayeteremka korongoni na mtungi kichwani, akakuta kisima kimezungukwa na bunduki.