Umbali na muda wa safari: Dar es Salaam – Lubumbashi

Mfanyabiashara anayekadiria nauli ya mzigo kwa kupima ramani kwa rula atapata hasara katika njia hii. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi, makao makuu ya Haut-Katanga nchini Kongo (DRC), ni kilomita 1,385 hivi. Kwa barabara ni karibu kilomita 2,100. Tofauti ni takriban kilomita 700 kwa kwenda tu.

Kwa nini barabara ni ndefu

Mstari huo hupita kaskazini mwa Zambia, karibu na Ziwa Bangweulu. Lori haliwezi kuufuata. Barabara kuu huteremka kusini, ikizunguka mabwawa ya Bangweulu na ulimi wa ardhi ya Kongo uliochomoza ndani ya Zambia, mpaka Kapiri Mposhi. Kutoka hapo hupanda tena kaskazini-magharibi kuelekea Ukanda wa Shaba.

Makadirio kwa vipande ni haya:
- Dar es Salaam – Tunduma: km 930
- Nakonde – Kapiri Mposhi: km 800
- Kapiri Mposhi – Kasumbalesa, kupitia Ndola na Chingola: km 270
- Kasumbalesa – Lubumbashi: km 90

Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, hizo ni saa 42 za kuendesha. Dereva akiendesha saa 10 kwa siku, ni siku nne na zaidi kidogo, bila kuhesabu foleni za Tunduma na Kasumbalesa. Kila siku ya foleni huongeza posho ya dereva, na rejesho la mkopo wa lori halisubiri. Kama huna uhakika wa mzigo wa kurudi, mfano shaba, piga hesabu ya takriban kilomita 4,200.

Kwa ndege

Ndege ya moja kwa moja huwa angani kama saa mbili. Ukilazimika kubadilisha ndege Nairobi au Addis Ababa, safari inaweza kumaliza siku nzima.

Mzigo wa ndege hulipiwa kwa uzito au kwa ukubwa, kinachozidi. Kanuni ya kawaida ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 6,000. Boksi la 60 × 50 × 40 huhesabiwa kilo 20, hata kama mizani inasoma kilo 12. Bidhaa nyepesi zenye boksi kubwa hula faida.

Saa za huko

Zambia na Lubumbashi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ukiruka Dar saa 4 asubuhi, utatua saa 5 asubuhi kwa saa za Lubumbashi. Ukiondoka huko saa 8 mchana, utafika Dar saa 11 jioni.

Hata Tunduma na Nakonde, miji iliyogusana, hutumia saa tofauti. Unapopanga miadi na wakala wa forodha upande wa pili, kubalianeni kwanza ni saa ya nchi ipi.

Kwa ufupi: umbali wa angani ni wa rubani. Mwenye lori apange bei kwa kilomita za barabara, siku za mpakani na safari ya kurudi.