Waya wa baharini ni wa nani?

Hapa Kashebere, kati ya Masisi na Walikale, video ya dakika mbili kutoka kwa ndugu waliobaki kijijini inaweza kumaliza mega zote za siku. Watu hulaumu antena. Lakini ubishi juu ya bei ulianzia mbali, baharini.

Mwaka 2002 waya wa SAT-3 ulizinduliwa kutoka Ureno hadi Afrika Kusini, ukipita pwani ya magharibi. Wenyewe walikuwa kampuni za simu zilizochangia pesa, na katika nchi nyingi moja tu ndiyo ilishika mlango. Iliuza kwa bei iliyotaka. Ujumbe wa maandishi hupita hata penye njia nyembamba, filamu haipiti.

Ndiyo maana EASSy, waya wa pwani ya mashariki uliopangwa tangu 2003, ulizua ugomvi. Serikali za NEPAD zilidai kila kampuni inunue nafasi kwa masharti sawa. Kampuni zikajibu kwamba aliyetoa pesa ndiye mwenye mali. Itifaki ilisainiwa Kigali mwaka 2006, lakini Kenya ilikuwa imechoka kungoja, ikajenga TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa. SEACOM, wa watu binafsi, ulitangulia kufanya kazi, Julai 2009. EASSy ulifuata 2010.

Kongo ilipata mlango wake Muanda mwaka 2013, kwa waya wa WACS, ukashikwa na kampuni ya serikali. Kutoka huko hadi Kashebere ni zaidi ya kilomita 1,500.