Gari la Mwigo na Nasaba Yake

Mwezi wa Agosti mwaka 2016, katika mnada uliofanyika Monterey, jimbo la California, gari moja dogo la buluu, la viti viwili na lisilo na paa, liliuzwa kwa dola milioni 13.75, na hadi siku hiyo halikuwapo gari jingine la Kimarekani lililopata kufikia thamani hiyo mnadani. Lilikuwa ni Cobra ya kwanza kabisa, yenye nambari CSX2000, ambayo mwenye kuiunda, Carroll Shelby wa Texas, alikaa nayo mpaka alipofariki mwaka 2012. Mtu wa mapato ya kadiri, mwalimu au karani au fundi wa umeme, ambaye moyo wake umeingiwa na mahaba ya gari la namna hiyo, hana tamaa ya kulipata. Asaa apate kulitazama kwa mbali katika jumba la makumbusho. Hata hivyo watu wa mapato ya kadiri hawakukaa wakatazama tu, bali kwa muda wa nusu karne na ushei wamekuwa wakijiundia wenyewe magari ya mwigo, au wakiyanunua kwa wale waliokwisha kuyaunda, na tarehe ya magari hayo ina mafunzo mengi kwa yeyote mwenye nia ya kununua moja leo bila ya kuuza nyumba.

Wenye magari ya asili hupenda kusema kana kwamba kati ya asili na mwigo pamejengwa ukuta. Nasaba ya Cobra yenyewe haiwaungi mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na fundi Mwingereza, John Tojeiro, aliyeunda gari la mashindano ambalo sura yake ilifuata, kwa karibu sana, ile ya Ferrari 166 isiyo na paa. Kampuni ya AC, iliyokuwa na karakana yake Thames Ditton, ikaupenda muundo ule, ikauchukua, na mwaka 1953 ikauleta katika maonyesho ya London kwa jina la Ace. Injini iliyokuja kutiwa humo baadaye ilitengenezwa na kampuni ya Bristol, na injini ya Bristol nayo ilikuwa imetokana na ile ya BMW 328 ya Ujerumani ya kabla ya vita. Basi gari hilo la Kiingereza lilikuwa na uso wa Kitaliano na moyo wa Kijerumani, wala hakuna aliyeona haya.

Bristol ilipoacha kuunda injini hizo mwaka 1961, Shelby, aliyekuwa ameshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1959 kwa gari la Aston Martin na kisha akalazimika kuyaacha mashindano kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, aliwaandikia AC akitaka gari lisilo na injini, akawaendea Ford akitaka injini isiyo na gari, na kila upande ukaamini kwamba upande wa pili umekwisha kukubali. Mapema mwaka 1962 vitu hivyo viwili vilikutanishwa katika gereji moja karibu na Los Angeles. Kwa kuwa gari lilikuwa moja tu, na waandishi wa magazeti waliotaka kulijaribu walikuwa wengi, Shelby alikuwa akilipaka rangi mpya kila lilipokuwa likienda kwa mwandishi mwingine, ili wasomaji wadhani kwamba kiwanda chake kimejaa Cobra za kila rangi. Sijui hila nzuri kuliko hiyo katika biashara ya magari. Hadi kufika mwaka 1967, zilipokoma kuundwa, Cobra zilizotoka zilikuwa kiasi cha elfu moja, na zile za mwisho, zenye injini kubwa ya 427 na matako mapana, baadhi yake zilikosa wanunuzi. Na sura hiyo iliyokosa wanunuzi ndiyo inayoigwa leo kuliko sura ya gari lolote jingine la spoti.

Lakini desturi yenyewe ya mtu kununua gari likiwa vipande na kuliunganisha uani kwake haikuanzia Marekani. Ilizaliwa Uingereza, na mama yake ni ushuru. Tangu mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilikuwa ikitoza ushuru wa manunuzi, ambao kwa magari ulikuwa mzito mno. Mwaka 1957 ulikuwa asilimia 60 ya bei ya jumla. Ushuru huo uliliangukia gari lililokamilika, nao haukuyagusa masanduku ya vipuri ambavyo mnunuzi angeviunganisha kwa mikono yake. Colin Chapman, mhandisi kijana aliyekuwa ameanza kwa kuvunja na kuunda upya Austin Seven kuukuu, akishindana na wenzake wa chama cha 750 Motor Club, aliuona mlango huo ulioachwa wazi, na mwaka huo wa 1957 akautangaza mtindo wa Seven wa kampuni yake ya Lotus: fremu ya mabomba ya chuma, mabati ya alumini, injini ndogo ya Ford, hakuna milango, na uzito usiofika kilo 500. Husimuliwa kwamba sheria ilikataza kumpa mnunuzi maelekezo ya kuliunganisha gari, kwa hiyo Lotus wakampa maelekezo ya kulifungua, naye akayasoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kama kisa hicho ni cha kweli au kimetiwa chumvi, hakika ni kwamba vijana wengi wasio na mali waliendesha gari la spoti jipya kwa sababu tu walikuwa na sanduku la spana na rafiki mwenye subira.

Ushuru wa manunuzi uliondolewa mwaka 1973, ukaja ushuru wa ongezeko la thamani usiobagua gari na vipande vyake, na mwaka huo huo Lotus, iliyotaka kuheshimiwa kama kampuni ya magari ya wakubwa, iliikabidhi haki ya kuunda Seven kwa muuzaji wake Graham Nearn wa Caterham. Ungedhani kwamba gari lililozaliwa kwa ajili ya kukwepa ushuru lingekufa pamoja na ushuru huo. Halikufa, likazaa. Birkin waliiunda ya kwao nchini Afrika Kusini, Donkervoort wakaiunda Uholanzi, na pale Uingereza penyewe kampuni ya Westfield ikatoa gari lililofanana mno na la Caterham hata ikashitakiwa, na shauri likamalizika kwa mapatano, Westfield wakikubali kuligeuza gari lao sura.

Mahakama hazikuwa na moyo huo wa suluhu kila mara. Katika mfululizo wa televisheni wa Miami Vice, ulioanza mwaka 1984, shujaa aliendesha Ferrari Daytona nyeusi ambayo kwa hakika ilikuwa ni Chevrolet Corvette iliyovishwa bodi ya faiba. Ferrari wakaghadhibika, gari lile likalipuliwa mbele ya watazamaji, na mahali pake pakaja Testarossa mbili za halali zilizotolewa na kampuni yenyewe. Mwaka 1991 mahakama ya rufani ya Marekani ilimhukumu mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiuza bodi za faiba za mfano wa Ferrari, ikisema kwamba hata kama mnunuzi anajua vyema anachonunua, mpita njia anayeliona gari barabarani hudanganyika. Mwenye kutaka sura ya Ferrari kwa bei nafuu na akumbuke hukumu hiyo.

Ama Cobra, ilikuwa na bahati zaidi. Shelby naye aliwashitaki waigaji, nao hawakukoma. Ndugu wawili walianzisha Factory Five huko Massachusetts mwaka 1995, wakatengeneza fremu na bodi zilizopimwa kwa Ford Mustang ya miaka ya 1980, hata mnunuzi akahitaji kupata Mustang moja iliyogongwa, aichinje, na kuhamisha injini, giaboksi na breki zake. Barani kwetu, Port Elizabeth kumekuwa na kiwanda kinachounda Cobra za Superformance zilizokamilika kila kitu isipokuwa injini, zikapakiwa melini kwenda Marekani, na huko mnunuzi hutiliwa injini aitakayo. Ikawa hivyo kwa kuwa sheria za usalama za nchi hiyo zililibana gari zima la mwigo lisiuzwe dukani, mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 2015 iliyomruhusu kila mwundaji mdogo magari 325 kwa mwaka, nayo ikasubiri kanuni zake kwa miaka kadhaa.

Porsche Speedster ya mwaka 1954 nayo imeigwa sana, kwa sababu bodi yake ya mwigo hukaa juu ya Volkswagen ya Beetle iliyokatwa na kufupishwa. Ni gari la kupendeza, na upesi wake ni wa Volkswagen. Mnunuzi wake asianze na rangi, bali alale chini aitazame sakafu, kwani kutu ya Beetle haikuondoka kwa kuvishwa nguo mpya.

Kwa mwenye mfuko mwembamba, mimi naona gari la namna ya Seven ndilo la kuchagua, na sababu yangu haitokani na sura yake, ambayo wengi huiona kuwa mbaya. Bodi nene ya Cobra inaweza kusitiri kazi mbovu ya kuchomelea kwa miaka mingi, ilhali Seven iko wazi: ukifungua boneti na kuinama kidogo, fremu karibu yote unaiona, na fundi yeyote wa vyuma atakwambia kwa dakika chache kama aliyeiunga alikuwa na mkono thabiti. Tena gari lililokamilishwa na mtu mwingine, akaliendesha misimu michache kisha akalichoka, aghalabu huuzwa kwa bei iliyo chini ya jumla ya vipuri vilivyomo, na lile lililoachwa nusu huuzwa kwa bei ya chini zaidi, ingawa humla mnunuzi Jumamosi zake zote. Sehemu zinazoshika mikono ya magurudumu, mabomba ya breki na nyaya za umeme ndizo za kutazamwa kwanza, maana hapo ndipo fundi wa uani huchoka na kutaka kumaliza. Na kabla ya hayo yote, karatasi. Nchini Uingereza gari la kujiundia hupimwa na serikali, kwa utaratibu ulioanza mwaka 1998 na kubadilishwa mwaka 2009, na lile ambalo umri wake haujulikani hupewa namba yenye herufi Q. Gari lililoundwa tangu hapo lisilo na cheti cha upimaji huo ni vyuma vya kuuzwa kwa kilo, hata ling'are namna gani. Msomaji wa Mombasa aliyekwisha kutoa pochi airudishe mfukoni kwanza, kwa kuwa Kenya haipokei gari lililozidi umri wa miaka minane, wala lenye usukani wa kushoto.

Mwaka 1996 Ron Champion, mwalimu wa Shule ya Oundle, alichapisha kitabu kilichodai juu ya jalada lake kwamba gari la spoti laweza kuundwa kwa pauni 250 tu. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya fremu ya Seven iliyotengenezwa kwa chuma cha mraba cha inchi moja, na maelezo ya namna ya kuichinja Ford Escort ya zamani ili kuipatia injini, giaboksi na ekseli ya nyuma. Pauni 250 zilikuwa ni hesabu ya mtu mwenye karakana, zana na marafiki wakarimu, lakini kitabu kilienea, na magari yaliyotokana nacho, yaitwayo Locost, yakapewa mashindano yao na 750 Motor Club, chama kile kile cha ujana wa Chapman. Kisha Escort zenyewe zikaadimika. Gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1972, likiendeshwa na Hannu Mikkola, na tena mwaka 1977, lilikuwa limegeuka kuwa tunu, na aliyekuwa nayo hakuona tena sababu ya kuikata. Waundaji wa Locost wakahamia Ford Sierra, na baada ya hiyo wengi wakahamia Mazda MX-5, ambayo ni nyingi, haichoki upesi na huuzwa kwa bei ndogo kila iharibikapo bodi. Nayo ilitoka Japani mwaka 1989, na walioisanifu walikuwa wamelikodolea macho gari jingine la Chapman, Lotus Elan ya mwaka 1962.