Nakuru hadi Nairobi: hesabu ya saa mbili

Wadau, Jumamosi nilipanda matatu ya abiria 14 kutoka Nakuru kwenda Nairobi, kilomita 160 hivi. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo nikapiga hesabu: kwa kilomita 80 kwa saa, hata barabara ikiwa wazi, haiwezekani kufika chini ya saa mbili.

Hiyo 80 ina historia. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zifanye kazi bila leseni ya uchukuzi wa umma, na kwa miaka mingi watu wakapakiwa kama magunia. Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zikaanza: mikanda, mstari wa manjano ubavuni, kidhibiti mwendo. Siku za kwanza magari yaliadimika, watu wakatembea kwa miguu (nilikuwa mtoto, nakumbuka).

Kasoro naiona kwenye kidhibiti. Kinakaa ndani ya gari la yule yule kinayemdhibiti! Mwanaprogramu yeyote anajua mwisho wake.

Tulifika kwa saa moja na dakika 50, tena tulisimama Naivasha kushusha mtu. Makanga akaniuliza mbona naangalia saa kila mara.