Zidaka za Nyumba ya Dani: Wazee Wetu Walivyopamba Nyumba Zao



Kabla sijaanza nakuomba jambo moja dogo. Hapo ulipokaa ukisoma, inua macho uuangalie ukuta ulio mbele yako. Kuna nini? Kalenda ya duka, saa, pengine kabati la vioo lenye vikombe ambavyo tangu vinunuliwe havijawahi kunywewa chai. Usione haya, kwetu ni vivyo hivyo. Na makala hii imezaliwa na kabati kama hilo.

Kwetu ni Karungu, kaunti ya Migori, pale Ziwa Viktoria linapoingia ndani na kufanya ghuba. Mwaka jana, mwezi wa Shaaban, ami yangu alileta nyumbani seti ya makochi na kabati la ukutani. Alikopa, ili Idd itukute tumekaa kama watu. Makochi yalikataa kupita mlangoni, ikabidi fremu ing'olewe. Yalipoingia yakakijaza chumba chote. Siku ya kwanza ya futari wageni wakaja kama ilivyo desturi, na lo! hapana pa kutandika mkeka. Wanaume tukafuturu nje chini ya mwembe, akina mama wakafuturu jikoni, na makochi yakabaki ndani yamefunikwa vitambaa kama maharusi waliosusiwa. Deni linalipwa kila mwezi. Ada ya mdogo wangu wa sekondari imesogezwa mara mbili kwa sababu yake.

Sasa ami amepata suluhisho. Nyumba ya Dani ibomolewe baada ya Idd hii, sebule ipanuliwe, makochi yapate nafasi. (Dani ni bibi kwa Kijaluo. Kwetu hata sisi tunaosoma juzuu tunamwita Dani.) Tusimlaumu ami bure. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 unyevu uliingia kwenye msingi wa nyumba ile, na ukuta mmoja umepasuka. Lakini ndani ya nyumba ile kuna kitu ambacho nataka ukijue kabla nyundo haijafika.

Nyumba aliijenga babu, marehemu, fundi cherahani aliyetoka Lamu akaifuata biashara hadi ziwani, akaoa na hakurudi. Ni ya mawe na udongo, imepakwa chokaa. Katika chumba cha Dani, ukuta unaotazamana na mlango una mashimo tisa ya mraba, matatu matatu. Utotoni tukidhani ni makosa ya fundi, au viota vya njiwa. Dani mwenyewe aliyatumia. La juu katikati mna msahafu, chini yake chetezo, pembeni taa ya chemni, na la mwisho kabisa, samahani, dawa ya kupe ya ng'ombe. Nilikuja kuelewa nilipokuwa chuo kikuu, likizo nilipokwenda Lamu kuwatafuta jamaa wa babu. Niliingia katika ile nyumba ya karne ya 18 ambayo Makavazi ya Taifa yameifanya makumbusho, nikafika chumba cha ndani, nikasimama kama niliyepigwa na bumbuazi. Ukuta wa Dani huu hapa! Ila huu una safu kwa safu, umechongwa maua, na weupe wake unang'aa gizani.

Vinaitwa zidaka. Sisi wa bara tungesema vidaka, lakini Waamu husema zidaka na mimi nitawafuata wenye jina.

Hebu nikutembeze nyumba ya Kiamu kama ilivyojengwa na matajiri wa karne ya 18, ndipo utaona akili iliyomo. Kutoka njiani unakuta daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe kushoto na kulia. Hapo mwenye nyumba huongea na watu wasiokuwa na haja ya kuingia. Neno baraza limepanda cheo tangu hapo, leo kuna hadi Baraza la Mawaziri, lakini asili yake ni kiti cha jiwe nje ya nyumba ya mtu. Ukivuka mlango wa nakshi njia inapinda, ili anayepita nje asione ndani. Kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu unaoleta mwanga na hewa. Kando kuna sabule, chumba cha mgeni. Unaliona neno? Ndilo hili letu la sebule. Sabule ya asili haikuwa chumba cha kuwekea vitu vya kuonyeshana, ilikuwa ya mgeni kulala na kupumzika, mbali na faragha ya familia.

Kutoka kiwandani unaingia msana wa tini, halafu msana wa yuu ambao sakafu yake imeinuka kidogo, halafu ndani. Ndani, kwa Waamu, ni jina la chumba. Kadiri unavyokwenda mbele ndivyo sakafu inavyopanda na faragha inavyozidi. Nyuma zaidi kuna chumba kilichotumika kwa mambo mazito, kama kuoshea maiti. Mtu aliweza kuzaliwa, kuolewa na kuoshwa katika nyumba moja, na kila tukio lina mahali pake.

Mbona vyumba ni virefu na vyembamba? Hapo fundi alikuwa hana hiari. Dari lilishikwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka, ya kubeba dari zito la mawe na chokaa, haizidi sana mita tatu. Basi chumba hakizidi urefu wa mti. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba, na nyumba za kale za kule nazo zikapata vyumba vyembamba. Mkoko wa Lamu ulikuwa ndio rula ya wajenzi wa ng'ambo. Ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Lile jiwe laini lililokatwa baharini lilichongwa likiwa bado bichi, kwani likikauka hewani hukaza. Ndilo lililotumika kwa mihrabu na mapambo. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa hivyo, ya mwaka 1107.

Sasa turudi kwa zidaka. Chumba cha ndani ndicho cha mbali zaidi na kiwanda, kwa hivyo ndicho chenye kiza. Mafundi wakaupaka ukuta wake chokaa nyeupe laini na kuutoboa vijishimo vyenye kingo. Mwanga hafifu unaotoka kiwandani unagonga kingo, kila kishimo kinashika kivuli chake, na ukuta unaonekana una kina. Ndani yake vikawekwa sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina, vitabu na vitu vya thamani. Kauri hizo zimeokotwa pwani nzima. Gede, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, kuna nyumba iliyopewa jina kwa bakuli la kauri lililopatikana humo. Na Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, katika kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza vyumba vya majumba yao vilivyokuwa na mashubaka ukutani yaliyopangwa vyombo vya kioo na kauri, pamoja na vioo vya kujitazamia na saa.

Utaniambia, "Ewe, si ndiyo yale yale ya kabati la ami yako? Vyombo vya kutazamwa!" Swali zuri, na sitalikwepa. Wazee nao walipenda kujionyesha, tena sana. Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 kwa shughuli za fahari, likatiwa taa za umeme na lifti wakati ambapo wengi duniani hawajaona vitu hivyo, na Disemba 2020 sehemu yake ikaporomoka wakati wa ukarabati. Na Pate, mji uliokuwa tajiri kuliko Lamu, ndio uliomliza mwandishi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Katika shairi lile zidaka zilizokuwa na sahani zimegeuka makazi ya ndege. Kwa hivyo sisemi babu zetu walikuwa mawalii. Ninalosema ni kwamba pambo lao lilikuwa sehemu ya ukuta. Halikuchukua hata shubiri moja ya sakafu. Sakafu ilibaki tupu, na sakafu tupu ukitandika mkeka wa ukindu ni chumba cha kulia, ukitandika mswala ni mahali pa kuswali, usiku ukitandika godoro ni malazi. Watu 20 wanaenea mahali ambapo makochi yetu yanaenea sita.

Hata usafi wa mlangoni ni wa kale. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliona visima kwenye milango ya misikiti, watu wakiosha miguu kabla ya kuingia, na jamvi nene la kufutia. Nasi tunadhani zulia la mlangoni limeletwa na supamaketi!

Usidhani mambo haya ni ya Pwani peke yake. Huku kwetu Nyatike kuna Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, linalokadiriwa kujengwa karne ya 16. UNESCO ililiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018, Lamu ikiwa imeingia 2001. Kuta zake zina unene wa mita moja hivi, na kimo chake mahali pengine kinapita mita nne. Milango yake ni mifupi, lazima uiname. Waamu waliipinda njia, watu wa kwetu wakaufupisha mlango, nia ni moja: asiyealikwa asiingie kichwa juu. Nyumba ya Kijaluo nayo ina agola, ubaraza chini ya paa ambapo watu huketi, na katika boma mzee alikuwa na duol, kibanda cha kuzungumza na wageni wake. Daka na sabule hizo, kwa lugha nyingine. Nadhani ndiyo maana babu hakuona ugeni.

Ugomvi wao, kwa alivyonisimulia Dani, ulikuwa mmoja tu. Dani alikuwa bingwa wa kukandika sakafu kwa samadi, na kwa kweli hakuna kitu kinachotuliza vumbi kama samadi. Babu alisomeshwa fiqhi ya Kishafii, na kwa Mashafii mavi ya ng'ombe ni najisi ingawa nyama yake ni halali. Dani akamuuliza, "Mnakunywa maziwa yake, mnakula nyama yake, basi amewakosea nini?" Kuna madhehebu ambayo yangemuunga mkono Dani, lakini babu hakumwambia hilo! Wakasuluhishana. Jiko na agola vikakandikwa kwa samadi, chumba cha ndani kikakandikwa kwa udongo mwekundu uliochanganywa na jivu. Mlango wa najisi nilipousoma madrasa, mwenzenu nilikuwa na sakafu mbili za mfano.

Wiki iliyopita nilikaa na ami na fundi wake baada ya tarawehe. Nikawaonyesha picha za Lamu kwenye simu. Ami alinyamaza muda, halafu akasema, "Kumbe mzee alikuwa anajua anachofanya." Fundi yeye akauliza swali la kifundi: ukuta wa matofali ya siku hizi ni mwembamba, kidaka kitakaa wapi? Ukitoboa umefika nje. Tukazungumza mpaka karibu na daku. Akasema ukuta mmoja unaweza kujengwa wa matofali mawili, wa nje uzibe na wa ndani uachiwe nafasi, na juu ya kila nafasi ipite zege yenye chuma usije ukaketi. Gharama yake alikisia kwa kidole mchangani, nayo ni chini ya malipo yaliyobaki ya kabati. Ukuta uliopasuka lazima uanguke, hilo sote tumekubali. Ule wa zidaka msingi wake ni mkavu. Fundi ameugonga kwa kifundo cha kidole toka juu hadi chini, akasema unaweza kusimama ukawa ukuta wa sebule mpya.

Ami hajasema ndiyo. Amesema makochi mawili yatafutiwe mnunuzi kwanza, ndipo tuzungumze. Jana nilichukua futi ya cherahani ya babu, ambayo Dani bado anaihifadhi, nikavipima vyote tisa nikaandika kwenye daftari, ikiwa ukuta hautaponea. Upana ni inchi 11, kimo ni inchi 13, isipokuwa kile cha katikati juu ambacho ni kikubwa kidogo. Nilimuuliza Dani kwa nini. Akasema babu aliupima msahafu wake kwanza.