Honi ya uchochoroni

Likembe haikuumbwa kwa ajili ya mji. Ni kisanduku cha mbao kinachoenea viganja viwili, juu yake vimepangwa vibamba vya chuma, na mpigaji huvibofya kwa vidole gumba. Wagogo wa Dodoma wanaye ndugu yake, ilimba. Kijijini, watu wakikaa duara jioni, sauti yake inatosha kabisa. Ipeleke Kinshasa, penye malori, redio za baa na kelele za soko, haitafika hata kwa aliyekaa mkeka wa pili.

Tatizo hilo lilimkuta Mawangu Mingiedi, dereva wa lori aliyetoka kwa Wazombo, watu wa mpakani mwa Kongo na Angola. Mwaka 1966 aliunda kundi ambalo miaka mingi baadaye dunia ililijua kwa jina la Konono No. 1. Kwao kulikuwa na muziki wa baragumu zilizochongwa kwa pembe za ndovu. Mingiedi akauhamishia kwenye likembe tatu: moja ya sauti nzito, moja ya kati, moja nyembamba. Vyombo vilikuwapo, wapigaji walikuwapo. Kilichokosekana ni sauti ya kuvuka barabara.

Jibu lilipatikana kwenye vyuma chakavu. Sumaku zilitolewa kwenye altaneta za magari mabovu, zikazungushiwa waya mwembamba, zikawekwa karibu na vibamba vya likembe. Kibamba kikitikisika mbele ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa kwenye waya, nao hutikisika vilevile kama kibamba. Gitaa la umeme hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Maiki ya mwimbaji nayo ilichongwa kwa mbao na kupewa sumaku ndani yake. Kwa kutolea sauti, kundi lilitumia honi za enzi za Wabelgiji, ambazo Kinshasa huitwa lance-voix, yaani kirusha sauti.

Honi hizo zilikuwa zimetoka mbali, na safari yao inafaa kusimuliwa.

Mwaka 1915, huko Napa, California, Peter Jensen, fundi mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Mmarekani Edwin Pridham walikuwa wakihangaika na kifaa cha kusikilizia simu walichokitengeneza kwa waya uliosokotwa na kuning'inizwa ndani ya sumaku yenye nguvu. Walipokifunga kwenye honi ya gramafoni na kukiunganisha na maiki, kilitoa mlio mkali wa kutisha. Maiki ilikuwa inaisikia honi, honi inairudishia maiki, na sauti inazidi kila inapozunguka. Kila aliyewahi kuhudhuria harusi ya mtaani anaujua mluzi huo. Wale wawili waliusikia kabla ya wengi wetu, na wakaelewa maana yake: mtambo una nguvu kupita walivyotarajia. Walipoipandisha honi juu ya paa, mtu aliyesimama umbali wa karibu kilomita moja na nusu aliyasikia maneno.

Mkesha wa Krismasi mwaka huohuo walikifunga kifaa chao kwenye jengo la halmashauri ya jiji la San Francisco na kuusikilizisha muziki umati wa makumi ya maelfu. Kampuni yao waliiita Magnavox, Kilatini cha sauti kuu. Septemba 1919 Rais Woodrow Wilson alihutubia uwanja uliojaa watu huko San Diego kwa honi za aina hiyo. Tangu hapo honi ikawa mali ya wenye hotuba: serikali, polisi, stesheni za reli, wagombea wa uchaguzi, nyumba za ibada.

Siri ya honi ni uchache wa umeme inaoutaka. Spika ya kawaida ya karatasi hupoteza karibu umeme wote kama joto. Inayogeuka sauti ni kama asilimia 1 tu. Honi huushika ule utando mdogo wa ndani na kuufanya usukume hewa iliyobanwa shingoni, kisha hewa hiyo hupanuka taratibu hadi mdomoni, na kiasi kinachogeuka sauti huongezeka mara nyingi. Ndiyo maana honi hulia kwa betri ya gari. Gharama yake ni besi. Honi ndogo haina besi hata kidogo. Inatoa sauti ya kati, kavu, yenye makali. Kwa hotuba hilo si kasoro. Kwa muziki, mafundi wa Ulaya na Marekani waliliona kuwa kasoro kubwa, wakaiacha honi peke yake na kuelekea kwingine.

Wanamuziki wao walitaka kitu cha kubeba ndani ya gari moja na kufunga ukumbini kabla watu hawajaingia. Mwaka 1967 kampuni ya Shure ilitoa Vocal Master: kichwa kimoja chenye matundu 6 ya maiki na vinoba, pamoja na masanduku marefu membamba yaliyosimamishwa kushoto na kulia. Spika zilipangwa humo moja juu ya nyingine ili sauti iende mbele kwa watu badala ya kupotelea darini. Bendi ndogo iliweza kufika na sauti yake yenyewe, bila kutegemea spika za matangazo za ukumbi.

Afrika Mashariki mitambo ya namna hiyo ilikuja, lakini ilikuwa na wenyewe. Katika Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 vyombo vya bendi vilimilikiwa na taasisi: NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi walikuwa na bendi yao, JKT vilevile, na kiwanda cha nguo cha Urafiki nacho kilikuwa na yake. Magitaa, amplifaya na spika vilikuwa mali ya mwajiri, na wanamuziki wakalipwa mshahara. Mpango huo ulizaa muziki ambao hadi leo haujachuja. Lakini aliyehama bendi alihama mikono mitupu, na kijana wa mtaani ambaye hakuajiriwa na taasisi yoyote hakuwa na pa kuchomeka waya wake.

Vijana hao walipopata pa kuchomeka, ilikuwa ni kwenye honi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mitaa ya Uswahilini jijini Dar es Salaam ilipata mchiriku. Vifaa vyake vinaingia kwenye bajaji moja: kinanda kidogo cha Casio, kile kilichouzwa ng'ambo kwa ajili ya watoto kujifunzia, ngoma kadhaa, kigoda cha mbao kinachopigwa kwa vijiti, maiki moja, amplifaya iliyokwishachoka, na spika za honi. Jagwa Music, kundi la tangu mwaka 1992, ndilo lililoufikisha muziki huo mbali zaidi, na mwaka 2012 albamu yao ya Bongo Hotheads ilitolewa Ubelgiji na Crammed Discs. Ni kampuni ileile iliyowatoa Konono No. 1 kwa albamu ya Congotronics mwaka 2004. Haikuwa sadfa tupu. Miji miwili iliyotengwa na zaidi ya kilomita elfu mbili, bila kuelekezana, ilikuwa imefikia jibu moja.

Inafaa kumtazama fundi mitambo wa shughuli ya mchiriku akiwa kazini, maana ujuzi wake haujaandikwa popote. Anafika alasiri, jua likiwa bado kali, na macho yake yanaanza na kuta. Uchochoro wenye mabati pande zote mbili hurudisha sauti kama mpira, kwa hiyo honi haielekezwi ukutani. Inafungwa kwa kamba ya katani juu ya mti au nguzo ya turubai, ipite vichwa vya watu, kwa sababu miili ya wachezaji humeza sauti nyembamba kabla haijafika nyuma. Maiki inakaa nyuma ya mdomo wa honi, kamwe si mbele. Kisha anapandisha sauti kidogo kidogo huku akihesabu, moja, mbili, moja, mbili, hadi mluzi unapoanza kuchungulia. Hapo anarudisha kinoba nyuma kidogo na kukiacha. Ngoma hazipewi maiki. Zinabeba besi zenyewe, ile ambayo honi imenyimwa, na mtu aliyesimama mita kumi husikia muziki kamili bila kujua kuwa nusu yake haijapita kwenye waya wowote.

Amplifaya ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake, sauti hukwaruza. Vitabu vya ufundi huhesabu mkwaruzo huo kuwa ubovu. Kinshasa ukawa sehemu ya muziki wenyewe: likembe ilipopita kwenye sumaku za altaneta na honi kuukuu ilirefuka, ikanguruma, ikapata ukali ambao wasikilizaji wa Ulaya waliulinganisha na muziki wa elektroniki wa miji yao. Bernard Treton aliwarekodi Konono No. 1 kwa ajili ya redio ya Ufaransa mwaka 1978; Vincent Kenis, prodyuza wa Ubelgiji, aliisikia rekodi hiyo na hatimaye akawafuata hukohuko Kinshasa. Mwaka 2007 kundi lilishiriki kwenye albamu ya mwimbaji Björk, Volta. Mingiedi alifariki mwaka 2015, na mwanawe Augustin, aliyekwishachukua uongozi wa kundi, akamfuata mwaka 2017.

Vifaa vimebadilika kwa kasi. Mwaka 1995 kampuni ya JBL ilitoa spika za EON, sanduku la plastiki lenye amplifaya yake ndani, na mzigo wa amplifaya za pembeni ukapungua. Baadaye amplifaya zilizopunguzwa joto na uzito, pamoja na sumaku ndogo zenye nguvu, zilifanya spika ya ukumbi ibebwe kwa mkono mmoja. Leo maduka ya Kariakoo yamejaa spika zenye magurudumu, betri ndani, na maiki isiyo na waya juu yake. Muziki wa singeli, uliorithi mbio za mchiriku, unapigwa kwa kompyuta, na sherehe za vigodoro za usiku kucha hukodi masanduku yenye besi ya kutikisa madirisha.

Honi haijaondoka. Alfajiri, shughuli ikiisha, fundi anakunja waya kwa kuuzungushia kiwiko na kiganja, kinanda kinarudi kwenye mfuko wake, ngoma zinapakiwa. Honi inashushwa ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyofungwa juu kabisa. Mchana ukifika, mtaa wa pili, nyingine kama hiyo inapita ikiwa imefungwa kwenye keria ya baiskeli, ikitangaza dawa ya mende, panya na kunguni.